Miji Midogo ya Ziwa Letu na Wazee Wasio na Ukoo



Baraza la parokia lilipotuagiza kuandika kurasa hizi za historia kwa ajili ya Yubile, tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Tulifikiri tutaandika majina ya mapadri waliotutumikia, miaka ya kujengwa kwa kanisa na shule, hesabu ya ubatizo na ya ndoa, kisha tutamshukuru Mungu na kuweka kalamu chini. Lakini tulipofungua kitabu cha zamani cha parokia, kile ambacho Mapadri walikiita kwa Kilatini Status Animarum, yaani kitabu cha hali ya jamaa za Wakristu, tulikuta jambo lililotusimamisha.

Kilatini kidogo tulichofundishwa katika seminari ndogo kilitutosha kulisoma. Mbele ya jina la kila mkubwa wa nyumba palikuwa na nafasi ya kuandika kijiji alikozaliwa, jina la baba yake na ukoo wake. Katika nyumba nyingi za kwanza nafasi hizo zilikuwa tupu, au paliandikwa neno moja tu: ignotus, maana yake hajulikani. Na mahali pa kijiji cha kuzaliwa paliandikwa jina la misioni: ex Mpala, ex Baudouinville.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba parokia yetu haikuanza siku ile jiwe la kwanza la kanisa lilipowekwa. Mizizi yake imo katika miji midogo ya ziwa ambayo wageni wengi hupita bila kushuka. Tukaomba ruhusa kwa Baba Paroko, tukapanda mtumbwi wa mota, tukaenda kuiona kwa macho: Mpala, kisha Moba na Kirungu, na mwisho Karema iliyo ng'ambo, katika nchi ya Tanzania. Hii ndiyo habari tuliyoirudisha.

Sababu ya miji hiyo

Msomaji hatafahamu miji hiyo asipokumbuka kwanza uovu ulioizaa. Katika karne ya 19 njia kuu za biashara ya pembe za ndovu zilitoka Zanzibari, zikapita Tabora, zikafika Ujiji, zikavuka ziwa letu mpaka Manyema. Pembe zilihitaji wachukuzi, na watu wenyewe wakawa bidhaa. Vijiji vilichomwa moto, wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakafungwa kamba. Tusiseme kwamba wageni peke yao ndio waliofanya hivyo. Baadhi ya wafumu wa nchi hii nao waliuza jirani zao kwa nguo, kwa bunduki na kwa baruti.

Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Waliwakomboa watoto kwa kuwanunua sokoni na kutoka kwa misafara. Mwaka 1888 mkubwa wao, Mwadhama Kardinali Lavigerie, alizunguka Ulaya akihubiri juu ya biashara hiyo. Lakini mtoto aliyekombolewa angepelekwa wapi? Kijiji chake kimeungua. Pengine hakulijua hata jina la mto wa kwao, kwa kuwa alichukuliwa akiwa mdogo mno. Ndiyo sababu misioni zikawa miji: watu walioondolewa kwa mama zao walikusanywa mahali pamoja, wakapewa nyumba, jembe na jina jipya.

Mpala, palipo na mlango wa mto

Mpala iko mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Mgeni anayeshuka haoni mji kama anavyoutazamia. Anaona mchanga, mitumbwi, nyavu zilizoanikwa na ndakala zinazokaushwa juani. Akiuliza mji uko wapi, watoto watacheka na kumjibu kwamba tayari amekanyaga ndani yake.

Mahali hapa padogo pamebeba mambo makubwa. Mwaka 1883 ofisa wa jeshi Mbelgiji, Émile Storms, alivuka kutoka Karema akafanya undugu wa damu na mfumu Mpala, akajenga boma. Alikuwa mtumishi wa chama cha Mfalme Leopold II kilichojiita cha kimataifa na cha kuipeleleza Afrika. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake wakamshambulia mfumu Lusinga, ambaye mwenyewe alikuwa akikamata na kuuza watu, wakamwua na kumkata kichwa. Kichwa hicho kilipelekwa Ubelgiji, na fuvu likawekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Brussels. Twaandika hayo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wajukuu wa Lusinga nao ni Wakristu wanaosali pamoja nasi.

Mwaka 1885 mfalme, akiwa ameelekeza macho yake upande wa mto Kongo, akawaachia Mapadri Weupe vituo vya Mpala na Karema. Wapadri wachache wakajikuta na boma, na bunduki, na watu waliokimbilia kwao kutoka pande zote. Hawakujua kupigana. Ndipo alipokuja Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Italia. Alifika Mpala mwaka 1887, akawafundisha vijana kulinda mji. Mwaka 1888 akafunga ndoa na msichana wa nchi hii, Agnes Atakaye. Baadaye alijenga mji wake mwenyewe huko Mrumbi, akauita Saint Louis. Hakurudi tena kwao. Alifariki mwaka 1927, mzee na karibu kipofu, baada ya miaka 40 kwenye mwambao huu.

Mwaka 1899, katika Mpala hiyohiyo, Mapadri walianzisha shule ya Kilatini ili kuwatayarisha vijana kwa upadri. Sisi tulioketi miaka mingi baadaye juu ya mabenchi ya seminari, tukikariri rosa, rosae, tuliona haya kidogo kusimama pale. Hatukujua kwamba njia ya mabenchi yetu ilianzia kwenye mchanga wenye harufu ya samaki.

Kirungu, mji wa juu

Kutoka Mpala tuliendelea kusini mpaka Moba. Huko kuna miji miwili katika mmoja: chini, kando ya maji, ni Moba yenye bandari na soko. Juu, kwenye uwanda, ni Kirungu yenye kanisa kubwa la matofali. Barabara inapanda, na kila unapogeuka kutazama nyuma ziwa linazidi kuwa pana. Nyuma ya Kirungu inainuka milima ya Marungu, nchi ya baridi na ya majani.

Mapadri walianzisha misioni hii mwaka 1893, wakaipa jina la Baudouinville kwa kumkumbuka Baudouin, mtoto wa ndugu yake Mfalme Leopold, aliyefariki kijana mwaka 1891. Jina hilo limeachwa, lakini Kirungu imebaki katika jina la jimbo letu la Kalemie-Kirungu. Mkazi mgeni asishangae, basi, akiona mji usio na taa nyingi ukitajwa kila siku katika barua za Roma.

Watu wa kwanza wa Kirungu walitoka wapi? Wengine walitoka Mpala na Mrumbi. Wengine walitoka mbali zaidi kaskazini, Kibanga, misioni iliyoanzishwa mwaka 1883 na kuachwa baada ya miaka kumi kwa sababu ya maradhi. Wale waliokuwa wamekwisha kung'olewa mara moja kutoka vijiji vyao waling'olewa mara ya pili, wakapanda mitumbwi na watoto wao. Wakafika hapa, wakafyatua matofali, wakalima, wakachimba mifereji ya maji.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Mwashamu Victor Roelens, Mbelgiji, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1896. Aliongoza mpaka mwaka 1941, akafia hapohapo Baudouinville mwaka 1947. Alikuwa mtu wa nguvu na wa amri. Yafaa tuseme wazi kwamba mji huo haukuwa wa raha tu. Kengele iliamuru kuamka, kusali, kufanya kazi na kulala. Aliyevunja sheria aliadhibiwa, hata kwa fimbo. Aliyekombolewa hakuwa na ruhusa ya kwenda apendako. Aliozwa kwa shauri la Mapadri, akawekwa mahali walipomchagulia. Alikuwa ametoka katika kamba ya mfanya biashara, lakini uhuru kamili hakuuona bado. Tunawaheshimu wazee wetu zaidi, si pungufu, tukijua kwamba waliujenga mji huo wakiwa chini ya mizigo hiyo yote.

Na katika mji huo tarehe 21 Julai 1917 Stefano Kaoze, kijana wa nchi ya Marungu aliyesoma Mpala, alipewa daraja takatifu la upadri. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika Kongo ya Wabelgiji. Kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kuandika: mafundisho yake juu ya mawazo na tabia za watu wa kwetu yalichapwa katika gazeti la Ubelgiji kuanzia mwaka 1910, kwa Kifaransa. Wageni wengi walikuwa wameandika juu yetu. Yeye aliandika akiwa mmoja wetu. Alifariki mwaka 1951.

Kirungu imeonja pia uchungu wa siku za karibu. Mwezi wa Novemba 1984, na tena Juni 1985, waasi waliishambulia Moba, majeshi yakaja kuikomboa, na wananchi wakakimbilia milimani. Wengine hawakurudi. Leo vijana wanaondoka kwa sababu nyingine: wanatafuta masomo na kazi Kalemie, Lubumbashi na kwenye machimbo. Mji uliokusanya watu waliotawanywa, sasa watoto wake wanatawanyika.

Karema, mji ulioachwa na maji

Kutoka Moba tulivuka ziwa. Karema ilikuwa boma la kwanza la chama cha Leopold kwenye ziwa letu. Kapteni Cambier alilianzisha mwaka 1879, nao Mapadri wakalipokea mwaka 1885 pamoja na Mpala. Mtu akitazama palipojengwa boma atauliza: kwa nini walijenga mbali namna hii na pwani? Jibu ni kwamba hawakujenga mbali. Maji ndiyo yaliyoondoka. Katika miaka ile mto Lukuga, unaotoka ziwani karibu na Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo, na ziwa lilikuwa limejaa. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea Lualaba, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka sana. Boma lililokuwa karibu na mawimbi likabaki nchi kavu. Sisi tulioona ziwa likipanda tena mwaka 2020 na 2021, likazifunika nyumba za watu huko Kalemie na Uvira, tunajua kwamba ziwa halifanyi ahadi na mtu.

Lakini hatukuvuka kwa ajili ya boma. Tulivuka kwa ajili ya Adriani Atiman.

Atiman alizaliwa mbali sana, katika nchi iitwayo leo Mali. Aliibwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa katika Aljeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze udaktari. Shauri la Kardinali Lavigerie lilikuwa hili: vijana Waafrika waliokombolewa wawe madaktari na makatekista kwa wakati mmoja, waponye mwili na kufundisha imani. Atiman alifika Karema mwaka 1889. Akaoa huko, mtoto wake akawa padri. Akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 mahali pamoja.

Sisi tulio makatekista tulisimama kimya. Mtu huyu hakuwa na mjomba Karema, wala shangazi, wala kaburi la babu. Lugha ya mama yake hakuna aliyeijua pale. Kama kitabu chetu kingemwandika, nafasi zile zingekuwa tupu. Lakini mtu akisema kwamba Atiman hakuwa na kwao, watu wa Karema watamshangaa.

Jina la lugha yetu

Watu wa miji hiyo, waliotoka makabila mengi, walisemezana kwa lugha gani? Kwa lugha hii tunayoandika, Kiswahili cha Kongo, ambacho wengi wamekiita Kingwana. Tunaomba msomaji alitazame jina hilo. Muungwana, au kama sisi tusemavyo mungwana, ni mtu huru, asiye mtumwa. Waliojiita wangwana walikuwa watu wa misafara, wapagazi na askari wa wafanya biashara waliotoka upande wa Zanzibari, na wenyeji waliojiunga nao. Lugha yao ikaenea kwa njia za misafara mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye Lualaba, kule Tippu Tip alikotawala na Stanley alikofika mwaka 1876.

Basi aliyefungwa alijifunza lugha ya aliyemfunga. Alijifunza apate kuomba maji, apate kufahamu amri. Halafu, kule Mpala na Kirungu, lugha hiyohiyo ikawa ya katekisimo, ya kubembeleza mtoto, ya kuombea wafu. Lugha ya watu huru ikaingia mikononi mwa wale walioambiwa kwamba si huru. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Sisi tunaoisali leo tumeipokea kwao.

Tumefanya nini na kitabu

Tuliporudi, neno la kitabu lilirudi nasi. Tulipolileta mbele ya Baraza, wazee kadhaa walitusihi tusiandike. Walisema, na kwa haki, kwamba jambo hili bado linauma. Maana katika jumuiya zetu kuna watu wanaotukanwa mpaka leo. Shamba linapogombaniwa, husikika neno: “Huyo hana ukoo hapa, babu yake ni mtu wa kununuliwa.” Mchumba anapopelekwa kwa wazazi, wengine huuliza chinichini kama ni mtoto wa misioni. Hata katika kuchagua wakubwa wa jumuiya tumesikia maneno hayo, tena katika vinywa vya watu waliotoka kupokea Ekaristia. Sisi wenyewe tumepata kuyasikia na kunyamaza. Kosa hilo ni letu, tunaliungama hapa.

Tulitaka kukubali shauri la wazee. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akaomba neno. Akatuambia: “Mwalimu, andikeni. Mimi nimeitwa mtoto wa misioni tangu nizaliwe. Waliponitukana sikujua la kujibu, kwa kuwa nyumbani hawakunieleza. Mkificha, mtawaachia wenye matusi wawe peke yao wanaojua historia yangu.”

Hakuna aliyemjibu. Baraza likakubali.

Kwa hiyo tumeandika. Majina ya jamaa hatukuyachapa, maana hayo ni ya wenyewe. Lakini mtu wa parokia hii akitaka kujua lililoandikwa juu ya babu yake, aje kwetu siku yoyote baada ya Misa ya asubuhi. Tutafungua kitabu na kumsomea, tutamfasiria Kilatini. Akikuta nafasi tupu asione haya. Nafasi ile haisemi kwamba babu yake hakuwa na baba. Inasema kwamba kulikuwa na watu waliomtenga naye, na kwamba baada ya hayo yote aliweza kujenga nyumba, kuzaa, kulea, na kumpa mtoto wake jina la ukoo ambao unaanza kwake.

Na ninyi wageni wetu, mapadri mliotoka mbali kushangilia pamoja nasi, mkirudi kwa njia ya ziwa, mwambieni mwenye mtumbwi ashukie Mpala. Msiogope kwamba hakuna cha kutazama. Ketini chini ya mwembe, salimieni wazee, ulizeni wametoka wapi. Watakaa kimya kidogo kwanza. Ngojeni.

Mungu Baba, anayezijua nafasi zote zilizo tupu katika vitabu vyetu, awabariki wazee waliotutangulia, aibariki Yubile yetu, na atujalie ulimi usiomwita ndugu mtumwa. Amina.